Ukumbi Usiokaliwa na Wenyewe

Namna nilivyofika Uremboni haina faida kuieleza. Wote waliofika huko walifika kwa kupotea njia, nami nilipotea vizuri kuliko wengi kwa sababu nilikuwa naongea. Ninachotaka kueleza ni nilichokiona na niliowaona, maana mpaka leo nikiwakumbuka wale watu nasema ahsante peke yangu jikoni, na wanangu wananiuliza, mama, unaongea na nani?

Mimi ni mtu wa Magomeni. Nimekulia nyumba ya vyumba sita, familia sita, ua mmoja na bomba moja la maji. Shule niliyomaliza ni ule ua. Pale ndipo nilipojua nani kaposwa, nani kaachika, na nani anajidai kala nyama na mdomo umemkauka. Ukiniweka kwenye nyumba isiyo na watu kichwa kinaniuma. Kwa hiyo nilipoyaona majengo ya Uremboni, marefu, ya vioo vitupu, na kila jengo chini lina ukumbi mkubwa ulioandikwa juu ya mlango MAHALI PA WOTE, moyo uliniambia, Siwema, hapa ndipo kwenu.

Nikaingia ukumbi wa kwanza niliokutana nao. Jengo lenyewe liliitwa Jengo la Mkufu. Mle ndani mlikuwa na makochi ya rangi ya maziwa, mito iliyopangwa kwa pembe, mimea mirefu inayong'aa kama imepakwa mafuta, na jiko la pamoja la mawe meupe lenye masufuria ya shaba yaliyotundikwa juu. Vitabu vilipangwa rafuni kwa rangi, vya bluu na vya bluu. Na watu walikuwamo. Mwanamke mmoja kashika kikombe. Mwanamume mmoja kaegemea dirisha anaangalia mbali. Wengine wawili wanacheka, lakini bila sauti.

"Habari zenu jamani," nikasema.

Hakuna aliyeitikia. Nikaenda kukaa karibu na yule wa kikombe, nikavua viatu.

"Shoga, hiki kiti kitamu, au ni mimi ndiye niliyechoka?"

Akainamisha shingo upande, akatabasamu kwenda mbele, si kwangu. Nikachungulia kikombe chake. Kikavu.

"Chai yako imekwisha. Nikuongezee?"

Akasema bila kufungua midomo, "Dada, tafadhali. Niko kazini."

"Kazi gani?"

"Kukaa."

Nilidhani ananitania. Kabla sijamjibu nikasikia mtu anagonga kioo huko nyuma ya ukumbi. Alikuwa bibi mmoja mnene wa mashavu, ameshika fimbo, ananipungia mkono kwa haraka kama anayemfukuza kuku. Nikamfuata. Akafungua kijimlango cha pembeni akanivuta.

"Toka humo, mgeni, kabla hawajakupima. Umekula?"

Swali hilo tu, nikajua kwamba huyu ni wa kwetu.

Nyuma ya kile kijimlango palikuwa na ngazi. Ngazi za saruji, hazijapakwa hata rangi, za kwenda juu ghorofa zote. Na ndipo watu wa Jengo la Mkufu walipokuwa. Mwanamke anachambua mchele kwenye ungo, juu yake mwanamume ananyolewa ndevu, juu yao mwingine anasuka ukili, na maneno yanapanda na kushuka kutoka ghorofa hadi ghorofa. Kila anayetaka kupita anasema hodi, na kila aliyekaa anakunja magoti bila kukatisha habari aliyokuwa nayo. Nilitafutiwa nafasi ya kukaa kwa kusukumana makalio. Nikaletewa uji wa pilipili manga na kipande cha muhogo. Sijawahi kukaa pembamba namna ile nikajisikia nimekaa papana.

Yule bibi aliitwa Bi Mashavu. Walionieleza sheria za nchi yao walikuwa majirani zake wawili, Kombo na Chausiku, na walinieleza wakinyang'anyana maneno.

"Huku kwetu," alisema Kombo, "kabla jengo halijajengwa, linachorwa."

"Hata kwetu," nikasema.

"Subiri. Na kwenye mchoro, ule ukumbi wa wote unachorwa na watu ndani yake. Watu wembamba, hawana vifurushi, hawana kandambili, mwingine kashika kikombe, mwingine anaangalia mbali. Umewaona?"

"Nimewaona sasa hivi."

"Hao. Basi jengo likiisha, wakaguzi wanakuja na mchoro mkononi kuangalia kama ukumbi umefanana nao. Viti vilifanana. Mimea ilifanana. Sisi ndio hatukufanana."

"Huyu alikuwa na ndoo," Chausiku akaingilia. "Kaingia na ndoo siku ya ukaguzi."

"Nilikuwa na ndoo, nakubali. Na wewe ulikuwa na nini? Ulikuwa na samaki."

Basi Uremboni ikatungwa sheria, na ndiyo sheria mama mpaka leo, kwamba mchoro ndio mwenye jengo. Asiyefanana na mchoro asikae mahali pa wote. Lakini mahali pa wote pakikaa patupu napo hapafanani na mchoro, kwa sababu mchoro una watu. Ndipo ikaanzishwa kazi ya ukaaji. Wakaaji wanafundishwa kushika kikombe, kuinamisha shingo, kucheka bila kufungua koo, na kuangalia mbali kwa namna ya mtu asiye na anachokisubiri. Mwanzoni kila mtu alikuwa anakaa katika jengo lake mwenyewe. Haikufaa. Mkaaji ameshika kikombe chake vizuri, mara jirani anachungulia, "We Kombo, njoo nishikie kabati hili nipandishe," naye anaweka kikombe chini anakwenda. Picha inaharibika. Ikaongezwa sheria ya pili, kwamba hakuna mtu kukaa katika ukumbi wa jengo analoishi.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu. Asubuhi watu wa Jengo la Mkufu wenye kazi hiyo wanaondoka kwenda kukaa Jengo la Kidani, wa Kidani wanakwenda kukaa Jengo la Hereni, na wa Hereni wanakuja kukaa Mkufu. Kutwa nzima kila mkaaji yuko kwenye kochi la maziwa pamoja na watu asiowajua, hasemi neno. Jioni wanarudi kwao wamekakamaa shingo, wanajibana ngazini na watu wao, wanaanza kuishi.

Niliwauliza kwa nini wasiseme. Kombo alinijibu kwamba nusu ya mji inaishi kwa kazi hiyo, na kwamba yeye mwenyewe amepandishwa cheo, siku hizi anaangalia mbali.

Siku iliyofuata alinichukua nikamwone akiwa kazini katika jengo la biashara, alikopewa zamu siku hiyo. Huko nako kulikuwa na chumba cha wafanyakazi kupumzikia, kina bembea za kulalia, meza ya kuchezea mpira mdogo, na dirisha linaloonyesha mji wote. Kombo aliegemea dirisha akaanza kuangalia mbali, na kwa kweli aliangalia vizuri. Lakini wenye maduka na makarani wa lile jengo sikuwaona. Nikawauliza wafagiaji wanakula wapi wale watu. Wakanionyesha lifti ya mizigo. Ilipofunguka nikawakuta mle ndani, wamesimama bega kwa bega na mabakuli yao ya makande, wanapanda na kushuka.

"Karibu mama, sogea, tunapanda," mmoja akaniambia na mdomo umejaa.

"Mnakwenda ghorofa ya ngapi?"

"Hatuendi popote. Tunakula."

Nikala nao. Makande yalikuwa mazuri, na katika kupanda na kushuka kule nikapata habari za jengo zima, pamoja na za karani aliyemposa dada wa tajiri wake kisha akamsahau jina mbele ya wazee. Nawashukuru wote, hata aliyenimwagia mchuzi.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nikae Uremboni muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Lilikuwa la Bi Mashavu.

Bi Mashavu aliugua tangu masika inaanza mpaka inakatika. Upande mmoja wa mwili ulimlala. Hana mume, na binti yake wa pekee ameolewa nchi nyingine, ng'ambo ya milima. Waliomuuguza ni watu wa ngazini. Walimlisha, wakamwosha, wakambeba, mpaka siku aliyosimama mwenyewe na fimbo. Sasa binti alikuwa ameleta habari kwamba anakuja kumchukua mama yake akaishi naye, na ilikuwa imebaki siku chache tu. Bi Mashavu alikuwa na haja moja kabla ya kuondoka, kuwaketisha watu wale wote pamoja, awapikie, awashukuru mmoja mmoja machoni pao.

"Mimi nakwenda na sirudi," aliniambia. "Usinitazame hivyo, si maneno ya kulia, ni umri. Nikiondoka bila kuwaambia, nitakuwa nimeondoka na kitu cha watu."

Chumba chake kilikuwa cha kitanda, kabati na mtu mmoja na nusu. Ilibidi auombe ukumbi.

Anayeomba ukumbi Uremboni anakwenda mbele ya Baraza la Starehe. Nilimsindikiza nikiwa nimemshika mkono. Tulikuta wakaaji katika ukumbi wa baraza lenyewe, wamevaa kama wajumbe, wanatikisa vichwa kwa hekima kubwa. Wajumbe wa kweli walikuwa kwenye korido ya nyuma, wamesimama wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri zamu ya bafu. Wakubwa walikuwa wawili. Mheshimiwa Nakshi, Msanifu Mkuu, alikuwa na michoro yote ya nchi kwapani. Na Bwana Kimya, Mpimaji wa Utulivu, alikuwa mrefu, mpole, na mkononi alikuwa na bakuli la maji. Hilo bakuli ndilo kipimo. Linawekwa mezani, na maji yakikunjamana, basi mahali hapo pana fujo.

Bi Mashavu akaeleza shida yake. Mheshimiwa Nakshi akafunua mchoro wa Jengo la Mkufu akautazama kwa muda mrefu.

"Mama, hapa hakuna sufuria," alisema.

"Lakini jiko liko, baba. Nimeliona, jeupe, zuri."

"Jiko liko. Sufuria ziko, zimetundikwa. Sufuria iliyo juu ya moto haipo."

Mjumbe mmoja akauliza shukrani zinachukua nafasi gani. Mwingine akasema inategemea kama zinatolewa kwa kukaa au kwa kusimama, maana za kusimama huwa zinaleta kukumbatiana, na kukumbatiana kunahamisha mito. Bwana Kimya akauliza, kwa upole kabisa, "Mama, watu wakishukuriwa huwa wanalia?"

"Wengine watalia."

"Kwa sauti?"

"Chausiku analia kwa sauti. Tangu zamani."

Wakanong'ona. Nilitaka kusema neno, Bi Mashavu akanibana kidole. Mwisho Mheshimiwa Nakshi akatoa uamuzi, na alionekana amefurahi nao kweli kweli, si mtu mbaya yule. Bi Mashavu apewe ukumbi mchana mmoja mzima. Kwa kuwa wakazi wa Mkufu hawaruhusiwi kukaa humo, kila jirani atawakilishwa na mkaaji mmoja, aliyefundishwa kushukuriwa. Sahani zitakuwapo, safi, ili zisimwage. Majirani wenyewe wataruhusiwa kutazama kupitia kioo cha nyuma.

"Huyo atakayekaa mahali pa Chausiku," Bi Mashavu akauliza taratibu, "ndiye aliyenichana nywele?"

"Atainamisha kichwa vizuri kuliko yeye, mama," alisema Mheshimiwa Nakshi. "Ninakuahidi."

Bi Mashavu akashukuru akatoka. Mtu wa adabu.

Ngazini wakaupokea uamuzi huo kila mtu kwa namna yake. Kombo akasema kawaida tu hiyo, wiki iliyopita yeye mwenyewe kashukuriwa na bibi mmoja wa Jengo la Kidani kwa kumzalia mjukuu.

"Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Nikainamisha shingo. Nilimwambia Mungu amkuze. Ningefanyaje, na yule binti aliyezaa yuko nyuma ya kioo kashika mtoto, ananitazama kwa wivu."

"Ulipewa hata pilau?"

"Sahani tupu. Nikatafuna."

Wakacheka, lakini nilimwona Chausiku kageukia ukutani. Mzee Feruzi, jirani wa chumba cha pili, ambaye huwa hasemi sana kwa sababu ya kikohozi, akasema, "Basi tutatazama kwenye kioo. Kuona ni kuona."

Siku yenyewe ikafika. Bi Mashavu alisema sahani zao ni tupu ila pilau yake haitakuwa tupu, ataingia nayo humo ndani, wamkatalie mlangoni mbele ya watu. Tangu alfajiri jengo zima lilikuwa linapika. Jiko lake halikutosha, kwa hiyo nyama ilichemkia kwa Chausiku, vitunguu vikakaangwa ghorofa ya juu kabisa, mchele ukaoshewa kwa mzee Feruzi, na kila kitu kikashushwa ngazi kwa ngazi mikononi mwa watu. Mimi nilitwanga bizari. Harufu ikashika kuta. Wakaaji waliokuwa kazini ukumbini walisema baadaye kwamba siku hiyo kuangalia mbali kulikuwa kugumu.

Ilipoiva, Bi Mashavu alikataa kubebewa. Akashika sikio moja la sufuria, mimi la pili, fimbo kaitia kwapani, tukashuka polepole mpaka kwenye kile kijimlango. Mlinzi wa ukumbi alikuwa amesimama.

"Shikamoo mama. Sufuria hiyo haipiti."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Haimo. Wameniambia hivyo tu, haimo."

Kupitia kioo tuliona wakaaji wamekwisha kupangwa kuzunguka meza nyeupe, kila mmoja na sahani yake inayong'aa. Yule mwanamke wa kikombe alikuwa ameketi mahali pa Chausiku. Bi Mashavu alitazama, akawatazama tena. Sufuria ilianza kumwelemea, maana ule ugonjwa haukumwachia nguvu zote, na mimi nikamwambia, mama, tuweke chini tupumue. Tukaiweka sufuria pale pale kwenye ngazi, mahali ngazi inapokata kona, penye upana kidogo. Naye akakaa karibu nayo.

Sasa, watu walikuwa wanashuka kuja kutazama kwenye kioo. Wa kwanza akamkuta kakaa, hawezi kumruka, akakaa. Wa pili akakaa juu yake. Ngazi ikajaa mpaka ghorofa ambayo sikuiona mwisho wake, watu wote wanamngoja Bi Mashavu anyanyuke aende kushukuru kule ndani.

Hakunyanyuka. Alifunua kifuniko. Mvuke ukapanda, na mtu fulani huko juu akasema "Ah" kwa sauti ya chini sana.

"Leteni mlivyo navyo," alisema.

Vikaja vyombo vya kila aina, sinia, bakuli, vifuniko, hata karai. Akawa anapakua na kusema, na alivyosema ndivyo nitakavyoandika, maana nilikuwa mbele yake.

"Kombo. Ulinibeba mgongoni kunipeleka kuoga, kila siku, unaimba, na huwezi kuimba. Nilikuwa nalia nadhani ni maumivu, kumbe mengine yalikuwa zile nyimbo. Ahsante, mwanangu. Kula."

"Nitakuimbia na leo."

"Kula kwanza, bwana."

"Chausiku. Tulikuwa hatusemezani. Miaka, kwa sababu ya kamba ya nguo. Siku mkono wangu ulipolala ukaja na kitana chako mwenyewe, hukusema neno, ukanichana, ukanisuka, ukaondoka. Kesho yake ukaja tena. Ile kamba ni yako, Chausiku. Ilikuwa yako tangu mwanzo, nilikuwa najua."

Chausiku akalia kwa sauti, kama ilivyotarajiwa, mpaka kioo kikatetemeka.

"Mzee Feruzi. Wewe hukunilisha wala hukunibeba, huna nguvu. Ulikuwa unakuja na kigoda chako unakaa nje ya mlango wangu, unakohoa. Sikuwa nalala mimi, baba. Naogopa kufa peke yangu. Nikisikia umekohoa, najiambia, yupo mtu. Ndipo napata usingizi. Ulifikiri siku hizo ulikuwa bure. Njoo uchukue paja hili."

Mzee Feruzi alijaribu kujibu, akakohoa, na ngazi nzima ikamwitikia kwa kicheko ambacho kilikuwa karibu sana na kulia.

Aliendelea hivyo hadi kwa watu wa ghorofa za juu, na waliokuwa mbali walipelekewa sahani na maneno yao kwa pamoja, mkono kwa mkono. "Hii ya Bi Mashavu kwa yule aliyemwagilia mchicha wake." "Hii ya yule aliyemdanganya daktari kwamba amekula." Hata mimi nilipata yangu. Alisema ananishukuru kwa kuja bila sababu.

Nilikuwa namalizia ukoko nilipoona kijimlango kinafunguka. Alikuwa yule mwanamke wa kikombe. Kasimama na sahani yake tupu, kaiinua kidogo. "Samahani," alisema, na hapo nikasikia sauti yake halisi kwa mara ya kwanza, nzito, ya mtu wa mzaha. "Mimi leo ndiye Chausiku. Sasa naona Chausiku mwenyewe yupo, nikafikiri labda kuna ya wawili." Wakamsogezea. Nyuma yake wakatoka wengine, na yule wa dirishani, mpaka ukumbi ukabaki na mimea.

Mlinzi alikuwa amekwisha kwenda kuita wakubwa. Walikuja wote wawili. Bwana Kimya alikuwa na bakuli lake, na maji hayakuwa yamekunjamana, yalikuwa yanaruka. Mheshimiwa Nakshi akafunua mchoro palepale, akautafuta huo mkusanyiko ili aukataze. Hakuupata mahali. Alizungusha karatasi. Ngazi ilikuwa mistari michache pembeni, na juu yake pameandikwa neno moja, *kupita*.

"Hawa watu wako wapi?" akamuuliza Bwana Kimya.

"Hapa, mheshimiwa."

"Hapa ni wapi? Hapa si mahali. Sikupachora kuwa mahali."

"Basi hawako mahali," alisema Bwana Kimya, na akafikiri. "Na kama hawako mahali, fujo hii siwezi kuisema iko wapi."

Wakasimama pale na sheria yao mkononi, haina pa kuiweka. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya kati, ambaye vidole vyake vilikuwa na mafuta, akalichukua lile bakuli kutoka mikononi mwa Bwana Kimya akanawa, akasema ahsante, akampa jirani naye akanawa. Bwana Kimya akalitazama bakuli lake linavyopanda ngazi mkono kwa mkono, wala hakulidai.

"Baba Kimya," Bi Mashavu akamwita. "Na wewe, Mheshimiwa. Nimebakisha. Nataka niwashukuru."

"Sisi?" alisema Mheshimiwa Nakshi.

"Mlinikatalia. Mngenikubalia tungekaa mle, kila mtu anaogopa punje isidondoke kwenye kiti, Chausiku anajikaza asilie, mzee Feruzi anameza kikohozi. Ningewashukuru wote, na asingenisikia hata mmoja. Kunyimwa kule kumenifaa. Chukueni, ingali moto."

Hakusema kwa kebehi. Nilimtazama sana nikitafuta kebehi, maana mimi ningeitia, sikuiona. Mheshimiwa Nakshi akapokea kifuniko chenye pilau akakaa nacho mikononi, amesimama, hajui afanye nini na magoti yake. Mtu aliyechora mahali pa kukaa pa nchi nzima. Kombo akakunja miguu yake, akapigapiga saruji kwa kiganja.

"Keti, mheshimiwa. Hapa unakaa unavyoweza."

Akaketi. Goti la mtu wa juu likamgusa mgongo, akashtuka, kisha akaliacha liwe. Alikula. Baadaye akasikika anamuuliza Kombo kama ngazi hizi zingewekewa mito na mimea michache isingekuwa vizuri zaidi, na watu wote waliosikia wakaacha kutafuna. Mheshimiwa akawatazama. "Nimeuliza tu," alisema, akainamia kifuniko chake.

Siwezi kusema kama mpaka sasa ameziacha zile ngazi zilivyo. Mtu wa kuchora huwa vidole vinamwasha. Najua tu kwamba siku niliyokuwapo hakuchora.

Kesho yake binti wa Bi Mashavu alifika. Kwa kuwa ni mgeni aliingizwa kwa mlango wa mbele, akapitishwa ukumbini. Mimi na mama yake tulikuwa tumemsubiri upande wa pili wa kioo, na tulimwona anavyozubaa, anagusa makochi, anaitazama mimea, anawaangalia wakaaji waliokuwa wamerudi kazini, kila mmoja na kikombe chake. Alipotoka kwenye kijimlango machozi yalikuwa yanamlenga.

"Mama, na mimi nilikuwa nakuonea huruma, nadhani unaishi kwa shida. Kumbe una mahali pazuri namna hii. Na watu wenyewe watulivu, wamekaa zao. Nitakutoaje hapa? Hutawakumbuka?"

Bi Mashavu akageuka akatazama kioo, kama mtu anayeonyeshwa nyumba ya watu.

"Wale siwajui, mwanangu," alisema. Akamshika mkono, akamgeuza atazame ngazi, ambako kuanzia chini hadi juu watu walikuwa wamesimama kila mmoja ameshika kifurushi kimoja cha safari ya Bi Mashavu, na hakuna aliyekuwa tayari kukiachia. "Wangu ni hawa. Anza na yule mwenye kikohozi, umpe mkono, halafu upande nao mmoja mmoja. Usiwe na haraka."